Gemu Imetawanyika

Lenzi ya PlayStation 2 haifi siku moja. Inaanza kwa kuchagua. Wiki ya kwanza inakataa diski za CD, zile zenye tumbo la buluu, lakini za DVD inasoma kana kwamba hakuna kitu. Wiki ya pili inasoma asubuhi mashine ikiwa ya baridi, ikifika saa saba mchana inagoma. Baadaye watu wanaisimamisha mashine kwa ubavu, wanaigeuza kifudifudi, wanaweka kitu kizito juu ya kifuniko, wanafuta lenzi kwa pamba yenye spiriti. Yote yanasaidia kidogo, na kila dawa inafanya kazi kwa siku chache kuliko iliyotangulia. Mwisho inabaki ile sauti tu, tik-tik-tik, ya jicho linalotafuta kitu ambacho halikioni tena.

Sauti hiyo naifahamu kwa sababu katika familia yetu ilikuwa sauti ya ada ya shule. Mama yangu mdogo ana kibanda cha gemu Tabora, si mbali na stesheni ya reli. Mashine mbili, TV mbili za chogo, mabenchi mawili, na karatasi ukutani yenye masharti: mechi moja shilingi mia mbili, hakuna kukopa, hakuna kutukana. Mume wake alipofariki ndugu walimshauri auze kila kitu arudi kijijini. Yeye akasema mashine zinakula umeme lakini hazili ugali, akabaki. Kibanda kikalipa kodi, kikalipa luku, na kikamsomesha mwanawe mpaka kidato cha nne. Hiyo ilikuwa 2019. Mwezi wa nne mwaka huo mashine moja ilikufa kabisa, na ya pili ikaanza kuchagua.

Mtu asiyeijua biashara hii anaweza kuuliza kwa nini asinunue mashine mpya. Mpya hazipo. Sony waliacha kutengeneza PlayStation 2 mwaka 2013, baada ya kuuza zaidi ya milioni 150 duniani, na mwaka huohuo Konami walitoa toleo lao la mwisho la mpira kwa mashine hiyo. Kilichobaki ni mitumba, na mtumba unakuja na lenzi yake ya kizee. Mama mdogo alikuwa ameshabadilisha lenzi mara mbili. Kila mara kipuri kilitoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, na kila mara kilidumu muda mfupi kuliko kilichotolewa. Sababu hazikuwa za ajabu. Kiangazi cha Tabora kina vumbi jekundu linaloingia hata kwenye saa ya mkononi. Na diski zetu zote zilikuwa kopi, tuseme ukweli. Diski ya kuchoma nyumbani hairudishi mwanga vizuri kama ya kiwandani, kwa hiyo lenzi inakaza macho saa kumi kwa siku.

Fundi redio wa pale sokoni, mzee ambaye bado anaanza mazungumzo kwa "mwangaluka" hata saa za jioni, ndiye aliyesema neno la maana. "Mwanangu, hili jicho mnalibadilisha la nini? Mtoeni kabisa kwenye kuona. Mpeni kusikia." Alikuwa na maana kwamba tuachane na diski, gemu zote tuziweke kwenye flashi.

Jambo lenyewe si la uchawi, na vibanda vingi vya Afrika Mashariki vimeshalifanya. Unahitaji memori kadi iliyowekewa programu inayoitwa Free MCBoot. Mashine ikiwashwa inaisoma kadi hiyo kabla ya kitu kingine, na badala ya kukuambia weka diski inakufungulia mlango wa pembeni. Ndani ya mlango huo unaingia kwenye programu nyingine, Open PS2 Loader, ambayo kazi yake ni kuidanganya gemu. Gemu inaomba kipande fulani cha diski. Programu inalikatiza ombi lile njiani, inakwenda kukichukua kipande hicho kwenye flashi, inakileta kana kwamba kimetoka kwenye diski. Lenzi inabaki imelala. Si kila mashine inakubali, maana za mwisho kabisa, baadhi ya zile za SCPH-90000, tundu hilo lilishazibwa. Ya mama mdogo ilikuwa ya kabla ya hapo. Mdogo wangu, huyo mwanawe wa kidato cha nne, aliigeuza akasoma namba chini ya tumbo lake mara tatu kabla ya kuamini.

Kadi na flashi ya gigabaiti 64 zikaja kwa basi kutoka Dar. Mimi nafundisha Kiswahili na nina laptopu, kwa hiyo nikawa fundi msaidizi. Tukaweka gemu tatu, tukachomeka, tukawasha. Menyu ikatokea, nzuri, ya buluu. Orodha ya gemu ilikuwa tupu.

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu. Mwanawe ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini: "Dada, mimi nikitoka hapa naenda machimbo." Kuna machimbo ya dhahabu upande wa Nzega, na wenzake wawili walikuwa wameshakwenda. Nikamwambia mtihani ni Novemba. Akajibu, "Nikae nisubiri Novemba nikila nini?" Ndipo nilipoelewa kwamba ile orodha tupu haikuwa habari ya gemu.

Tatizo la kwanza lilikuwa la lugha. Flashi kubwa za siku hizi zinatoka dukani zimepangwa kwa mfumo wa exFAT. Programu tuliyokuwa nayo ilijua FAT32 tu, na Windows nayo wakati huo haikukubali kuipanga flashi inayozidi gigabaiti 32 kwa mfumo huo wa zamani. Ilibidi tutafute programu ndogo ya pembeni. Yaani mashine ilikuwa imeshika kitabu kizima mkononi, hati ndiyo haikuisoma. Tukafuta, tukapanga upya, tukanakili tena. Orodha ikatokea: gemu tatu, kila moja na jina lake.

Tatizo la pili lilikuja tulipoongeza gemu ya nne na ya tano na kufuta moja tusiyoitaka. Tukachagua mpira, na kioo kikaleta ujumbe kwa Kiingereza kwamba gemu imetawanyika. Mdogo wangu akacheka kwa hasira. "Imetawanyika imekwenda wapi? Si hiyo hapo?"

Ilikuwa hapo, ni kweli, lakini si pamoja. Kompyuta ikinakili faili kubwa kwenye flashi ambayo imeshafutwafutwa, inaliweka pale penye nafasi: kipande hapa kwenye pengo la gemu iliyofutwa, kipande kule mwisho. Kompyuta yenyewe haisumbuki, ina ramani. Open PS2 Loader tuliyokuwa nayo haikuwa na muda wa ramani iliposoma flashi. Ilitaka gemu ilale mfululizo, kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuruka hata hatua moja. Dawa tuliyoitumia ilikuwa hii: futa kila kitu, kisha nakili gemu moja baada ya nyingine kwenye flashi tupu, bila kufuta katikati. Umeme ukikatika wakati wa kunakili, unaanza upya. Ulikatika mara mbili.

Tulikuwa tumekaa gizani tukisubiri urudi, nikamsimulia mdogo wangu habari za meli ya Liemba. Alikuwa ameisikia lakini hakujua kwamba ilipita hapa Tabora. Wajerumani waliiunda Papenburg mwaka 1913, wakaifungua tena, wakaitia kwenye makasha yanayotajwa kuwa 5,000 hivi, wakayaleta kwa meli mpaka Dar es Salaam na kwa treni mpaka Kigoma. Reli ilikuwa imefika Tabora 1912 na Kigoma 1914, kwa hiyo meli nzima ilipita kwenye stesheni yetu ikiwa vipande. Iliunganishwa Kigoma na kuingizwa majini 1915. Na kabla ya reli mzigo wowote wa pwani ulipita njia hiyohiyo vichwani na mabegani mwa Wanyamwezi, umegawanywa katika furushi za frasila mbili hivi, kama kilo 32 kila mpagazi. Kitu kisichogawanyika hakikusafiri. Lakini kila kilichogawanywa kilihitaji mtu anayejua kipi kinatangulia kipi.

"Na kikipotea kimoja?" akauliza.

Nikamkumbusha Kwihara, nje kidogo ya mji, ambako shule huwapeleka watoto kuona lile tembe la Livingstone. Aliagana na Stanley mwezi wa tatu 1872, akakaa Unyanyembe akisubiri watu na mizigo kutoka pwani mpaka mwezi wa nane. Na kabla ya hapo mali aliyotumiwa ilikuwa imeshaliwa njiani. "Kikipotea kimoja," nikamwambia, "unakaa unasubiri." Akasema, "Kama sisi na lenzi," na umeme ukarudi.

Mfano huo ulitusaidia kuliko nilivyotarajia, maana tatizo la tatu lilikuwa la furushi hasa. Vijana walikuwa wakidai God of War II, iliyotoka 2007 kwenye diski ya tabaka mbili. Mfumo wa FAT32 haupokei faili moja linalozidi gigabaiti 4, na gemu hiyo inazidi sana. Kuna programu ya kuikata vipande vya gigabaiti moja moja na kuandika faili dogo la orodha linalosema gemu hii jina lake nani na vipande vyake vingapi. Tulipoifungua mara ya kwanza haikuonekana kabisa, ingawa vipande vyote vilikuwemo. Mdogo wangu ndiye aliyegundua: vipande vilinakiliwa, orodha ikabaki kwenye laptopu. Mzigo wote umefika, karani wa msafara kabaki Bagamoyo. Faili lenyewe lilikuwa dogo kuliko picha ya simu. Tulipoliweka, mungu wa vita akaamka.

Baada ya hapo nikamnunulia daftari. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hitilafu ni hivyohivyo. Sharti lilikuwa rahisi: badilisha kitu kimoja tu kwa wakati, andika ulichobadilisha, andika kilichotokea. Usiandike unachodhani. Kwa miaka nimekuwa nikiwafundisha wanafunzi kuandika insha, na wanaandika "mnamo siku moja yenye jua kali" hata kama mvua inanyesha dirishani. Huyu, ambaye mwalimu wake wa Kiswahili alimwandikia kwenye ripoti kuwa hana bidii, aliandika hivi:

"Jumanne. Flashi tupu, gemu moja. Imeonekana. Imecheza dakika 40. Hakuna tatizo. Nimeongeza ya pili. Zote zipo."

Sina cha kusahihisha hapo.

Tatizo la nne tulijifunza kuishi nalo. Zile video za mwanzo wa gemu zilikuwa zinakwama, sauti inakatika kama mzee anayesimulia huku anatafuna. Hapo hakuna kosa la mtu. Tundu la USB la mashine hiyo ni la kizazi cha kwanza. Likijitahidi sana halifiki megabaiti moja na nusu kwa sekunde, wakati lenzi nzima ya DVD ilikuwa inapitisha zaidi ya tano. Programu ina vipengele vya kurekebisha, kimojawapo kinaruka video kabisa. Tukakiwasha kwenye gemu zilizokubali. Mpira, ambao ndio unaolipa ada, ulicheza vizuri. Mtangazaji tu alichelewa kidogo, akawa anashangilia goli watu wakiwa wameshakaa. Wateja wakaifanya utani. Mtu akichelewa kucheka kibandani anaambiwa ana flashi.

La tano ndilo lilitaka kututoa roho. Mashine ilianza kuganda katikati ya mechi. Si kila mechi. Inaweza kucheza siku nzima, halafu jioni inaganda mara tatu, wachezaji wanadai mia mbili zao, mama mdogo anarudisha. Mzee wa sokoni alishuku umeme wa jioni, kwamba unashuka watu wakiwasha taa. Tukaazima stabilaiza. Iliganda vilevile. Tukashuku joto, tukaelekeza feni. Iliganda huku ikipepewa.

Jibu lilikuwa kwenye daftari, na lilikuwepo muda wote kwa sababu mdogo wangu alikuwa na tabia ya kuandika hata visivyoulizwa. "Alhamisi. Imeganda saa 11 jioni. Wachezaji wawili, watazamaji saba." "Ijumaa. Haijaganda. Mvua. Watazamaji wawili." "Jumamosi. Imeganda mara nne. Wamejaa." Alikuwa anaandika idadi ya watazamaji kwa ajili ya mama yake tu, ajue siku zipi zina watu. Usiku mmoja alizipitia kurasa zote, akapiga mstari chini ya kila siku iliyoganda, akaniita. Haikuganda hata siku moja yenye watazamaji chini ya watano.

"Dada, mashine inaogopa watu," akasema.

Jumapili asubuhi akawaita watoto wanane wa jirani wacheze bure. Wao walitazama mpira; yeye alikaa chini sakafuni kutazama magoti yao. Benchi likijaa, wa mbele wanasukumwa. Wakisukumwa, magoti yanafika kwenye meza ya mashine. Na flashi, bwana, ilikuwa imetokeza mbele ya mashine kama ulimi. Goti likiigusa kidogo tu mguso unakatika kwa muda usiofika sekunde, mashine inaomba kipande kinachofuata, hakiji, inaganda. Enzi za diski goti lilikuwa linagonga plastiki tupu.

Matengenezo yalikuwa ya bei ya chapati tatu: waya mfupi wa kurefusha USB, ukapitishwa chini ya meza, flashi ikafungwa nyuma kwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli. Haikuganda tena wiki hiyo, wala iliyofuata. Mwezi wa sita tukaifanyia hivyohivyo mashine ile iliyokufa, ambayo mama mdogo alikuwa ameshaipatia mnunuzi wa skrepa.

Sitaki kudai kwamba flashi ilimzuia kijana kwenda machimbo. Kwanza wenzake walirudi, mmoja bila kitu na mwingine anaumwa, na hilo lilisema zaidi yangu. Pili, ukweli ni kwamba fedha ya mashine mbili ni kubwa kuliko ya nusu mashine, na ada haijui sababu. Lakini nilimwona akibadilika juu ya lile daftari. Kabla yake alikuwa anaamini kwamba vitu vinaharibika kwa bahati mbaya na vinapona kwa bahati nzuri, na kwamba mtu mwenye akili anakwenda pale penye bahati nyingi, yaani shimoni. Alifanya mtihani wake Novemba. Daftari alikuwa amelijaza mpaka jalada la nyuma.

Vimepotea vitu pia. Zile diski zilikuwa na sura. Watoto walizijua kwa mikwaruzo. Kulikuwa na kazi ya kuzifuta, kuzipanga, kuziazimisha kibanda cha jirani na kugombana zisiporudi. Sasa jirani hana cha kuazima. Diski zenyewe mama mdogo amezitundika kwa nyuzi shambani kwake kufukuza ndege kwenye mtama, na zinafanya kazi hiyo vizuri, jua la Tabora likizipiga.

Yeye mwenyewe ana lawama moja tu dhidi ya teknolojia hii, na sijapata jibu lake. "Zamani mwizi alihitaji gunia," huwa anasema. "Siku hizi mtoto akitia mkono mfukoni ameondoka na duka zima." Kwa hiyo kila usiku, akishafunga, anazichomoa flashi zote mbili, anazifunga kwenye pindo la khanga, fundo juu ya fundo, pale bibi alipokuwa akifunga fedha za tumbaku, ndipo anazima taa na kwenda nyumbani.